Robo Saa ya Kasomeno

Kila siku ya kazi, saa tisa na nusu alasiri, mashine kubwa ya kampuni yetu ya jumla na usafirishaji iliwaacha watu wote wakisubiri, ikamtumikia mwanamke mmoja wa Kasomeno kwa muda wa robo saa. Maghala ya mjini Lubumbashi yalisubiri. Kituo chetu cha Kinsevere, ambacho hakijui kusubiri, kilisubiri. Patron mwenyewe, mwenye kampuni, alisubiri, kama alikuwa na haja. Aliyepanga hivyo alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na yule mwanamke alikuwa binti yake, na hao wawili hawakuwa wamesemezana tangu kilio cha mama mtu. Robo saa hiyo ndiyo iliyobaki kati yao. Naandika habari zake kwa sababu mimi ndiye aliyeniachia niitunze, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Tulimwita Chef wa Salle. Salle ni chumba cha mashine, chumba kisicho na dirisha nyuma ya ghala la unga, chenye baridi ya kutengenezwa mwaka mzima. Nilifanya kazi naye humo miaka kumi na mmoja. Yeye aliniita Adjointe, yaani msaidizi wake, hata siku aliponitembelea hospitali nilipougua malaria, mbele ya wagonjwa wote: "Adjointe, unaendelea?" Mama mmoja kitandani jirani akadhani hilo ndilo jina nililobatizwa.

Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu ya ile baridi. Hilo lilieleweka. Lisiloeleweka ni kwamba alitoka nazo nje, mwezi wa kumi, jua linapochemsha vichwa kabla ya mvua, akavuka barabara kwenda kununua chikanda yake, ule mkate wa mizizi ya porini na karanga, akiwa amezifunga mpaka kooni. Wachuuzi walimcheka. Alikuwa anarudi na kipande chake kwenye karatasi, anakaa ameupa mlango mgongo, anakula peke yake, polepole, akitazama skrini. Sikumbuki hata siku moja aliyosema karibu. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni choyo. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa amesahau kuwa watu hula pamoja.

Kazi yake niieleze kwa lugha ya nyumbani. Mashine ni moja, wenye haja nayo ni wengi: wauzaji wa kaunta, maghala, malori, vituo vya mbali vinavyotuma ripoti. Wote wakiivamia kwa wakati mmoja, hakuna anayepata kitu. Kwa hiyo Chef alitengeneza mipangilio. Kila mpangilio ni maagizo: huyu apewe nguvu nyingi, huyu kidogo, huyu asubiri. Kisha kila mpangilio aliupangia saa yake. Asubuhi mpangilio wa kaunta, mchana wa malori, jioni wa maghala. Hakufanya hayo kwa kubonyeza vipicha kama tunavyofanya sasa kwenye simu. Aliandika amri, herufi kwa herufi, kwa vidole viwili, kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, na vidole hivyo viwili vilikuwa na mbio kuliko kumi vyangu.

Na kabla ya amri nyingine yoyote, aliandika ile ya kuorodhesha. Hilo lilikuwa sharti. Alifika asubuhi, hakusalimu mtu, hakuvua kofia. Aliketi, akaomba orodha ya mipangilio yote na saa zake, akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Akimaliza ndipo aligeuka na kusema bonjour. Akinikuta nimebadilisha saa ya kitu bila kuomba orodha kwanza, hakunifokea. Alisimama nyuma ya kiti changu, akinuka tumbaku ya kusokota, na kuuliza:

"Adjointe, unaisoma ao unaitazama tu?"

"Ninaisoma, Chef."

"Basi niambie, nani ulimuondoa mu nafasi yake?"

Maana katika mashine ile ya zamani, ukiupangia mpangilio mpya saa iliyokuwa na mwenyewe, ule wa kwanza uliondoka kimya kimya. Hapakuwa na onyo wala kengele. Lazima uwe umesoma orodha ndipo ujue umemsukuma nani. "Mwenye kusukumwa halalamikake siku zote," alikuwa anasema. "Bengine banakaa tu pembeni." Nilikuwa kijana, niliona ni maneno ya mzee anayependa kusikika.

Patron wetu anatoka Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara mcha Mungu anayefungua kila mkutano kwa sala na kuufunga kwa hasira. Siku moja aliingia salle, akajikunja kwa baridi.

"Muzee, rapport yangu inakawiaka juu ya nini? Si miye mwenye kampuni?"

"Ku bureau yako, Patron, weye njo wa kwanza," Chef akajibu bila kugeuka. "Mu machine weye iko wa ine."

"Wa ine! Na batatu ba mbele ni banani?"

"Bale benye camion yabo inangojea mizigo mu njia."

Nilingoja jahazi lizame. Patron alimtazama, akacheka mpaka akakohoa, akatoka. Alibaki wa nne mpaka leo. Lakini msidhani kwamba Chef alikuwa mtu wa foleni. Dukani kwa mkate alipita mbele ya akina mama na watoto wao mgongoni kana kwamba hawaonekani, akaweka mkono juu ya meza, akasema "mbili". Nilimwambia siku moja ni aibu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Foleni aliyoijua ni ile aliyoiandika mwenyewe.

Saa mkononi hakuwa nayo. Juu ya mlango wa salle palikuwa na saa ya ukutani, ya mviringo, ambayo aliipandia kiti kila Jumatatu kuirekebisha kwa redio. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, na mashine ina saa yake ndani. Akasema mashine huamini unachoiambia, ukuta hauamini kitu. Nikamcheka. Nilimcheka sana katika miaka ile, mbele yake na nyuma yake, na sasa kila nilichokicheka kinanirudia.

Habari ya mke wake sikuisikia kwake. Niliisikia kwa macho yangu, kama naweza kusema hivyo, kwa kuwa nilikuwa kwenye kilio. Ilikuwa kipindi cha kuhesabu mali ya mwaka, wiki ambayo mashine haipumui. Mke wake alikuwa amelazwa. Binti alipiga simu salle asubuhi, akapiga mchana. Mimi ndiye niliyepokea ya mchana. Chef akachukua simu, akasema, "Ninamaliza liste, ninakuya." Akaorodhesha. Akampangia kila mmoja saa yake: Kinsevere, maghala, malori. Hakuna hata mmoja aliyepiga kelele siku ile, kazi ilikwenda kama maji. Alipofika hospitali, mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka, na binti alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda.

Kwenye kilio, kule Bel-Air nyumbani kwa Chef, katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka, binti alisimama mbele ya baba yake. Hakupaza sauti.

"Papa, bantu yote ulibapanga mu machine yako. Mama yangu ulimuweka wapi?"

Chef alianza kufunga vifungo mpaka kooni. Sweta zake mbili alikuwa nazo.

Binti naye alikuwa mwajiriwa wa kampuni yetu, karani wa ghala la mjini. Wiki iliyofuata alimwomba Patron ampeleke kituo kilicho mbali kuliko vyote, naye akampeleka Kasomeno, kwenye njia ya Kasenga. Akapanga nyumba si karibu na ghala bali mbele zaidi barabarani, ambako alirudi kila jioni kwa gari dogo linalokwenda kuchukua samaki. La mwisho lilipita Kasomeno saa kumi. Ukilikosa, unatembea, na njia hiyo si ya mwanamke peke yake jua likizama.

Na kulikosa kulikuwa rahisi. Karani wa kituo hawezi kufunga mpaka ripoti yake ya siku ipokelewe, na mtandao wa Kasomeno ulikuwa mwembamba kama uzi. Saa tisa na nusu ndiyo saa ambayo Kinsevere na maghala yote ya mjini humimina ripoti zao kwa pamoja. Ripoti ya Kasomeno ilikuwa inasukumwa nyuma, na nyuma tena, mpaka jioni.

Mwezi mmoja baada ya kilio, nikisoma orodha, niliona mpangilio mpya. KSM, 15:30, maana mashine huhesabu saa kwa namna hiyo, dakika kumi na tano. Maagizo yake yalikuwa mafupi kuliko yote: Kasomeno apewe kila kitu, wengine wasubiri. Patron aliukuta siku moja, akaweka kidole kwenye skrini.

"Na hii ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema Chef.

Patron alikuwa kwenye kilio pia. Aliondoa kidole, akasema, "Iache," na hakuitaja tena.

Toka hapo niliona tabia mpya. Saa tisa na nusu Chef aliacha kila alichokuwa akifanya. Aliketi wima mbele ya skrini, mikono magotini, hakujibu simu. Karibu na saa kumi kasorobo mstari mmoja ulitokea: ripoti ya Kasomeno imepokelewa, na nyuma yake herufi mbili za jina la karani. Chef aliusoma mstari ule kimoyomoyo, midomo ikitembea. Kisha akachukua kofia yake, akazima taa ya upande wake, akaenda nyumbani. Miaka sita. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na mtoto wake, na sijui kama kuna mtu mwingine Lubumbashi aliyeshika mazungumzo kwa uaminifu hivyo.

Alinieleza waziwazi siku ya mwisho tu, siku ya kustaafu. Walikuwa wamemwandalia soda na keki kwenye ghala, yeye bado ameketi na mimi salle, orodha mbele yetu. Alipitia mipangilio yote, ananikabidhi mmoja mmoja. Alipofika KSM aliondoa vidole vyake viwili kwenye vibonyezo.

"Hii usiiguse. Ni ya mutoto yangu. Asipotuma mbele ya saa kumi, gari ya mwisho inamuacha."

"Yeye anajua, Chef?"

"Hapana. Na usimwambie. Hapendake kintu yenye kutoka kwangu. Akijua, atakataa, atatembea na miguu juu ya hasira."

"Na weye sasa, utajuaje kama alifika?"

Nilisema bila kufikiri, na nikaona uso wake ukilegea. Hakuwa amelifikiria. Miaka sita alikuwa ameusoma mstari ule kila siku, na kesho yake hatakuwa na skrini. Nilimhurumia kiasi kwamba nikatoa ahadi papo hapo: mstari ukitokea, nitambipu. Mlio mmoja tu, nakata. Simu yake isipolia, ajue kuna tatizo. Aliifikiria kama alivyokuwa akifikiria amri yoyote, akitafuta mahali itakapovunjika, kisha akasema ni sawa.

Basi alienda kula keki, nami nikabaki. Nitasema jambo ambalo si la kujisifia. Jioni ile, nilipokuwa peke yangu, niliomba orodha nzima, na nikaisoma kutoka juu hadi chini nikitafuta kama katika miaka kumi na mmoja kuna mahali popote ameniwekea kitu. Sijui nilitarajia nini. Dakika moja, herufi tatu. Hapakuwa na kitu. Ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga, wazazi wangu wametangulia, na yule mzee ndiye mtu niliyemwona zaidi kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Niliumia, mkitaka kujua.

Mwaka mzima nilimbipu. Saa kumi kasorobo, mlio mmoja, nakata. Hakuwahi kunipigia, nami sikwenda Bel-Air mara nyingi kama nilivyopaswa. Kila mwezi hivi. Nilimkuta daima mahali pamoja, kiti cha plastiki kwenye baraza, simu kwenye goti, na daftari la shule ambamo aliandika saa ya kila bip. Nilipomtania kwamba ananichunga hata akiwa amestaafu, hakucheka. Alikuwa amekonda. Mapafu yalimsumbua; miaka ile ya baridi ilikuwa imemwachia kikohozi kisichoondoka. Jirani mmoja alimpikia bukari, yaani ugali, mara moja kwa siku na kumwachia mlangoni.

Halafu Patron akanunua mashine mpya. Mafundi walikuja kutoka Kinshasa, vijana wawili wachangamfu, wenye Kifaransa kirefu. Walihamisha mipangilio yote kutoka ile ya zamani. Nilisimama nyuma ya mabega yao, nikahakikisha KSM imehama. Imehama: KSM, 15:30, dakika kumi na tano. Nikashusha pumzi. Walipanda ndege siku ile ile.

Kesho yake asubuhi simu zikaanza. Kaunta wanasema mashine inawaangusha, imewafungulia kwa kuchelewa. Malori wanalia. Kinsevere hawakulia, Kinsevere walitukana. Niliwapigia wale vijana Kinshasa. Mmoja akaniambia, huku anatafuna kitu, "Madame, ni tofauti ya saa kidogo tu. Zirudishe saa moja nyuma, tutarekebisha tukirudi." Nikazirudisha. Simu moja kwenye sikio, nyingine inalia mezani, nikaandika amri: kaunta saa moja nyuma, malori saa moja nyuma, maghala, Kinsevere. Kelele zikakoma. Nikajiona hodari.

Sikuorodhesha. Ningeorodhesha, ningeona mmoja ambaye sijamgusa, nami ningejiuliza kwa nini yeye hajambo wakati wenzake wote walikuwa wagonjwa. Lakini hakuna aliyepiga simu kutoka Kasomeno. Mstari uliendelea kutokea kila siku, na kwenye skrini ulisema 15:46 au 15:47, nami niliendelea kubipu. Nilitazama skrini. Sikutazama ukuta.

Jumamosi ya wiki ya pili nilikwenda Bel-Air na maandazi. Chef alikuwa barazani, sweta mbili, daftari gotini. Hakuchukua maandazi.

"Adjointe, bip yako inakawia saa muzima. Siku kumi sasa."

"Hapana, Chef. Ninaona mustari, ninakubipu pale pale."

Alinigeuzia daftari. Kurasa na kurasa za saa kumi kasorobo, mwandiko wake mdogo ulionyooka, na kisha, tangu siku ya mashine mpya, saa kumi na moja kasorobo, saa kumi na moja kasorobo, mpaka chini.

"Machine mupya, nani aliiweka?"

"Bantu ya Kinshasa."

Alifumba macho. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtoto yeyote wa hapa anajua, maana habari za redio ya kule hutufikia saa yetu ikiwa imeshapita. "Balikuya na saa yabo," akasema. "Baliiacha mule ndani."

Siku kumi. Saa kumi na nusu ndipo robo saa yake inafunguka, na gari la samaki limepita saa kumi. Siku kumi mwanamke yule alikuwa anatembea.

"Bengine ulibarekebisha?" akauliza.

"Ndiyo, Chef."

"Ba Kinsevere baliita?"

"Baliita. Bote baliita."

"Kasomeno haiitake."

Nilianza kulia, nikiona haya kulia mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuona hata uso wangu ukikunjamana. Nilimwomba msamaha. Akakohoa muda mrefu, akafuta mdomo.

"Njo bile na miye nilifanyaka," akasema. "Mama yake hakuita. Mutoto njo aliita. Ule mwenyewe, alilala tu, ananingojea."

Ndipo aliposema kitu nilichokuwa nikikingoja miaka kumi na mmoja, ingawa hakikuwa kile nilichokitaka. Alisema, "Usilie, Adjointe. Weye iko sawa miye kabisa." Sijawahi kusikia neno la upendo lenye huzuni kama hilo.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo lango liliposukumwa. Aliingia mwanamke amefunga kitenge cheusi kiunoni na kingine kichwani, viatu vimejaa vumbi jekundu, mfuko mkononi. Ukuta wa baraza ulimficha Chef. Aliniona mimi tu, macho mekundu kwa kilio, na akadhani anajua ninalia nini. Nilimtambua, ingawa miaka saba ilikuwa imepita. Yeye hakunikumbuka.

"Mama," akaniambia taratibu, "balishamuzika?"

"Nani?"

"Baba yangu."

Kutoka nyuma ya ukuta kikohozi kikaanza. Mwanamke akasimama pale pale. Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya baraza, mfuko bado mkononi.

"Nani iko ku mulango?" Chef akauliza.

Nilisogea ili waonane. Wa kwanza kusema alikuwa binti, na alikuwa na hasira.

"Ile robo saa ilihama, papa! Siku ya kwanza nilisema ni courant ilikatika. Siku ya tatu nikasema anagonjwa. Nyuma ya wiki nikasema, hapana, akiwa muzima hawezi kuiacha ihame. Nikalomba congé ku kazi, nikakuya kulia kilio."

"Ulijua?" Chef alisema.

"Toka mwaka ya kwanza. Mtandao yote ya Kasomeno inatembea kama muzee, halafu robo saa moja tu inakimbia. Ulizani nitasema ni malaika?"

"Na haukukataa."

"Sikukataa."

Niliwaambia kwamba ni mimi, kwamba kosa la saa ni langu. Hawakunisikia. Chef alikuwa akimtazama miguuni, vile viatu vyenye vumbi.

"Ulikuwa unatembea jioni yote ile?"

"Nilikuwa natembea."

Aliweka daftari chini, akajaribu kuinuka kwenye kiti, akashindwa, akajaribu tena. Binti alimtazama akijaribu, na nilidhani atamwacha. Kisha alisimama, akamshika chini ya kwapa, akamnyanyua, na walipokuwa wamesimama hivyo, mzee akishikilia kitenge cheusi kilichofungwa kwa kilio chake mwenyewe, nilichukua mfuko wangu nikaondoka. Maandazi niliwaachia.

Jumatatu nilifika kabla ya watu. Sikusalimu mtu, sikuvua kitambaa. Niliomba orodha, nikaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini. Niliirudishia mashine saa ya Lubumbashi, nikamrejesha kila mmoja mahali pake, kisha nikapanda kiti nikarekebisha ile ya ukutani kwa redio.

Saa tisa na nusu KSM ilifunguka, kwa saa yetu. Maghala yakasimama. Kinsevere wakasimama. Nami niliketi mbele ya skrini, mikono magotini, nikingoja mstari nilioujua kuwa hautakuja, maana kituo cha Kasomeno kilifungwa na karani wake alikuwa Bel-Air, labda anampikia uji. Robo saa nzima mashine ilimsubiri mtu ambaye hakuwepo, na tulikuwa wawili kusubiri, mimi na yenyewe. Ningeweza kuifunga. Niliiacha.

Saa kumi kasorobo simu yangu ililia mara moja, ikakatika. Ilikuwa namba ya Chef.

Nikachukua koti, nikazima taa ya upande wangu, nikaenda nyumbani.